Glendalough, Killarney au Connemara: familia iende kwenye maziwa yapi ya Ireland?

Likizo za shule zikikaribia, ndugu na marafiki huanza kuniuliza swali lile lile. Wapo walioko Birmingham na Leeds wanaotaka kuvuka na feri. Wapo wazazi wanaotoka Dar es Salaam au Mombasa kuja kumwona mtoto anayesoma Dublin. Wote wanataka kuona maziwa na vilima vya Ireland, watembee kwa miguu kiasi, wale vizuri, na bibi asirudi na magoti yanayouma. Majina wanayonitajia ni matatu: Glendalough, Killarney na Connemara. Nami siwezi kuwajibu kabla sijauliza mambo mawili: mdogo kuliko wote ana miaka mingapi, na je, mna gari?

Sehemu zote tatu nimezitembea zaidi ya mara moja nikiwa na watoto wangu watatu, na mara mbili mama yangu alikuwa nasi, amekuja kutoka Tanga. Safari ya kwanza tulitaka kuziona zote kwa siku tano. Watoto waliona vioo vya gari kuliko walivyoona maziwa, na mama aliposhuka Killarney miguu ilikuwa imevimba kwa kukaa. Tangu siku hiyo msimamo wangu haujabadilika: chagueni sehemu moja, mlale hapo hapo, na muichague kwa kuangalia miguu ya mdogo na magoti ya mkubwa. Picha za mtandaoni zote ni nzuri, hazitawasaidia kuamua.

Kwanza, viza

Nalitanguliza hili kwa sababu limewaharibia watu likizo. Ireland haimo katika Schengen, kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Viza ya Schengen haikuingizi Dublin, na viza ya Ireland haikufikishi Paris. Wenye pasipoti za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo wanahitaji viza ya Ireland, na wengi hujikwaa hapa: kuwa na kibali cha kuishi Uingereza hakukuondolei hitaji hilo. Uhuru wa kwenda na kurudi kati ya visiwa hivi viwili ni wa raia wa Uingereza na wa Ireland. Kama katika familia watoto wana pasipoti za Uingereza na baba ana ya Tanzania, baba ndiye wa kuombewa viza, na aombe mapema.

Hii ndiyo sababu pia sikuweka Lough Erne ya Fermanagh katika ulinganisho huu, ingawa ni maziwa mazuri sana. Fermanagh iko Ireland Kaskazini, yaani ndani ya Uingereza. Barabarani hakuna kizuizi wala askari wa mpakani, lakini sheria ipo pale pale, na viza ya Dublin haikuruhusu kuvuka.

Vigezo nilivyotumia

Nimezipima sehemu zote kwa mambo matano. La kwanza ni kufika na kuzunguka, ukiwa na gari na ukiwa huna. La pili ni miguu: njia zipo za urefu gani, kigari cha mtoto kinapita, mzee anaweza? La tatu ni maziwa yenyewe, unayaonaje na kama kuna boti. La nne ni siku ya mvua. La tano ni mfuko na chakula.

Mvua inastahili kigezo chake. Upande wa mashariki wa Ireland hupata milimita 750 hadi 1,000 kwa mwaka, magharibi 1,000 hadi 1,400, na milimani hupita 2,000. Ukisikia takwimu hizo utasema mbona Dar nayo hupata zaidi ya 1,000. Kweli, lakini Dar mvua huja na msimu wake, ikanyesha kwa nguvu, kisha jua likatoka. Hapa hunyesha kidogo kidogo, siku nyingi, hata Julai. Manyunyu ya saa tatu yanalowesha kuliko mvua ya masika ya nusu saa, maana huyaogopi, unaendelea kutembea.

Kuhusu gari, mambo ni yale yale popote mtakapokwenda. Huku huendeshwa kushoto kama kwetu Tanzania na Kenya, kwa hiyo mkono hautawachanganya. Magari mengi ya kukodi ni ya gia. Mkitaka otomatiki agizeni mapema, na bei yake iko juu. Mtoto ambaye hajafika sentimita 150 na kilo 36 lazima awe kwenye kiti chake maalumu, nanyi ulizeni kiti hicho wakati wa kukodi, si mkiwa mmeshafika kaunta. Tangu Februari 2025 kikomo cha kawaida kwenye barabara ndogo za mashambani ni kilomita 60 kwa saa, na nyingi ni nyembamba kiasi kwamba hata 60 ni mwendo mkubwa. Barabara ya M50 inayozunguka Dublin ina ushuru usio na kibanda: kamera inasoma namba ya gari, nawe unatakiwa kulipa kabla ya saa mbili usiku wa kesho yake. Waulizeni wenye gari kama wao ndio wanalipia au ni nyinyi.

Na neno moja la lugha, litawasaidia kusoma ramani: *lough* ni ziwa, nalo hutamkwa "lokh", kwa ile *kh* ya kheri.

Glendalough, Wicklow

Jina lake kwa Kiairishi ni Gleann Dá Loch, bonde la maziwa mawili. Mtakatifu Kevin alijitenga hapa katika karne ya 6, na baada yake ukakua mji mzima wa watawa. Magofu yake bado yamesimama, pamoja na mnara wa duara wenye urefu wa mita 30 hivi. Bonde lote limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Wicklow, iliyoanzishwa 1991.

*Kufika.* Ni kilomita 50 hivi kutoka Dublin, saa moja na kidogo kwa gari. Kwa asiye na gari hii ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, kwani kuna basi kutoka katikati ya jiji asubuhi na kurudi jioni. Safari zake kwa siku ni chache, kwa hiyo mjue basi la mwisho linaondoka saa ngapi na mrudi kituoni mapema. Wenye gari wafike kabla ya saa nne asubuhi. Jumapili yenye jua, maegesho hujaa na foleni hurudi hadi barabarani.

*Miguu.* Hapa Glendalough haina mpinzani kwa watoto wadogo. Kati ya maziwa mawili kuna njia ya mbao na njia tambarare ya msituni, mzunguko wa kilomita 3 hivi, na kigari cha mtoto kinapita. Mama yangu aliitembea yote akiwa na fimbo, akisimama kila anapoona benchi. Ukitaka kidogo zaidi, Barabara ya Wachimba Migodi inafuata ukingo wa ziwa la juu hadi kwenye magofu ya mgodi wa madini ya risasi, kilomita 5 kwenda na kurudi, bila kupanda sana. Maporomoko ya Poulanass yako karibu lakini njia yake ina mwinuko mkali, na kigari mkiache chini. Kisha kuna njia ya Spinc, kilomita 9 hivi. Inaanza kwa ngazi zaidi ya 600 za mbao, halafu inapita ukingoni juu ya ziwa. Kijana wa miaka kumi na miwili aliyezoea kutembea ataipenda. Mtoto wa miaka sita atachoka kwenye ngazi, na juu kuna ukingo wenye upepo ambapo mtahitaji kumshika mkono kwa muda mrefu. Msiipande ukungu ukiwa umeshuka.

*Maziwa.* Ziwa la chini ni dogo, limezungukwa na matete. Ziwa la juu ni refu na jeusi, miamba imesimama pande zote mbili, na ukikaa kwenye majani ya ufukweni asubuhi kabla ya watu utaelewa kwa nini mtawa alichagua hapa. Boti za watalii hakuna, na kuogelea hakushauriwi. Wenye gari wanaweza kurudi kwa njia ya Sally Gap na kuona Lough Tay kutoka juu, ziwa la maji meusi lenye mchanga mweupe upande mmoja.

*Siku ya mvua.* Bondeni penyewe kuna kituo kidogo cha wageni tu. Nguvu ya Glendalough ni kwamba iko karibu na Dublin: mkiamka mvua inanyesha, mnageuza ratiba, mnakwenda Makumbusho ya Taifa, ambako kuingia ni bure, na bonde mnalisogeza mbele hadi kesho.

*Mfuko na chakula.* Ni nafuu kuliko zote, maana hamlazimiki kulala huko. Kuingia hifadhini ni bure, mnalipia maegesho tu. Bebeni chakula. Kwa wanaokula halali, nunueni Dublin ambako maduka yapo, mpike nyumbani, mkakae kwenye nyasi za ziwa la juu na chupa ya chai ya tangawizi. Chapati zilizofungwa kwenye kitambaa safi zilifika bado zina uvuguvugu.

Inawafaa wenye siku moja au mbili, wasio na gari, wenye watoto wa chini ya miaka mitano na wazee. Wanaotafuta upweke wajue kwamba wikendi za kiangazi hawataupata, labda wafike saa mbili asubuhi.

Killarney, Kerry

Killarney ni hifadhi ya taifa ya kwanza ya Ireland. Ilianza na shamba la Muckross, ambalo familia ya Bourn Vincent ililitoa kwa taifa 1932, na leo ni zaidi ya hekta 10,000 za maziwa, misitu na milima, zikianzia pembezoni mwa mji. Hilo la mwisho ndilo linaloipa Killarney faida kubwa: unatoka hotelini kwa miguu na baada ya dakika kumi na tano uko chini ya miti, kulungu wanakula majani mbele yako.

*Kufika.* Kutoka Dublin ni kilomita 300 hivi, karibu saa nne kwa gari mkihesabu mapumziko. Treni huondoka kituo cha Heuston na huchukua zaidi ya saa tatu, mara nyingi mkibadilisha Mallow. Tiketi zikinunuliwa mtandaoni mapema huwa nafuu. Kuna pia uwanja mdogo wa ndege Farranfore, karibu na mji. Mkishafika mnaweza kuishi siku tatu bila gari kabisa: baiskeli za kukodi, zikiwemo zenye kiti cha mtoto na kigari cha kuvuta nyuma, na magari ya farasi ambayo madereva wake huitwa *jarvey*. Jarvey mzuri atawaeleza historia ya kila mti. Pataneni bei kabla ya kupanda, kama mnavyopatana na bodaboda.

*Miguu.* Hapa kuna kila kipimo. Maporomoko ya Torc, yenye urefu wa mita 20 hivi, yako dakika chache tu kutoka maegesho. Njia ya Blue Pool ni fupi na tambarare. Kuzunguka ziwa la Muckross ni kilomita 10, na sisi tuliifanya kwa baiskeli kwa nusu siku, tukisimama kila kona. Mlima wa Torc wenye mita 535 una njia iliyojengwa vizuri, sehemu kubwa ya mbao, na mtoto wa miaka minane au tisa anaweza kufika kileleni akaona maziwa yote matatu kwa pamoja.

Carrauntoohil, mlima mrefu kuliko yote Ireland, uko karibu. Una mita 1,038. Sasa, sisi tuliotoka nchi za Kilimanjaro na Mlima Kenya tukisikia mita 1,038 tunaudharau, maana Nairobi mjini penyewe ni mita 1,700 na zaidi juu ya bahari. Nawasihi msiudharau. Hatari ya huku haitokani na urefu. Inatokana na ukungu unaoshuka kwa dakika kumi, mawe yaliyolowa, na upepo wa bahari. Njia ya Devil's Ladder ni ya mawe yanayoteleza, na watu wameumia humo. Si mlima wa familia yenye watoto wadogo, na mtu mzima asiyejua kusoma ramani na dira aende na kiongozi. Kokote mtakakokuwa, namba ya dharura ni 112 au 999, nanyi mnaomba waokoaji wa milimani.

*Maziwa.* Hapa ndipo Killarney inapowazidi wenzake. Maziwa ni matatu: Lough Leane kubwa la chini, Muckross la kati, na lile la juu lililojificha milimani. Yanaunganishwa na mto, na safari ninayoipenda kuliko zote Ireland inapita humo. Asubuhi mnapelekwa hadi Kate Kearney's Cottage, mnatembea au kupanda gari la farasi kupitia Gap of Dunloe, njia ya kilomita 11 hivi inayopenya kati ya milima huku vijiziwa vikiwa pembeni, hadi Lord Brandon's Cottage. Hapo mnapanda boti ya wazi, mnavaa majaketi ya kuokolea, na mnashuka kupitia maziwa yote matatu hadi ngome ya Ross, iliyojengwa karne ya 15. Kuna daraja la kale ambapo maji yakipungua abiria huombwa washuke, watembee kidogo, kisha wapande tena. Watoto wangu wanakumbuka kushuka huko kuliko ngome yenyewe. Mama naye alinyamaza safari nzima, akasema kitu kimoja tu tulipofika: maji haya hayana chumvi lakini yanasikika kama Pangani. Bebeni sweta hata kama jua linawaka. Boti hizo hazina paa.

Wanyama nao wapo. Kulungu wekundu wa Killarney ndio kundi la asili pekee lililobaki katika nchi kavu ya Ireland. Septemba na Oktoba madume hupigana na kunguruma, kaeni mbali nao. Tai wenye mkia mweupe, waliokuwa wametoweka nchini, walirudishwa kuanzia 2007 kwa kuleta vijana wa tai kutoka Norway.

*Siku ya mvua.* Mko salama. Jumba la Muckross lilikamilika 1843 na Malkia Victoria alilala hapo 1861. Pembeni yake kuna mashamba ya jadi yanayoonyesha maisha ya wakulima wa miaka ya 1930 na 1940, na kuku, nguruwe, farasi, na mkate unaookwa juu ya moto. Mama aliingia jikoni mle akakuta moshi, chungu kinaning'inia, akawaambia wajukuu kwamba hata yeye amelelewa hivyo. Hoteli nyingi za mjini zina bwawa la ndani.

*Mfuko na chakula.* Hapa ndipo penye maumivu. Julai na Agosti vyumba hupanda bei na kujaa, na safari ya boti na farasi kwa watu watano si kidogo. Mei na Septemba ni nafuu, na siku bado ni ndefu. Migahawa ni mingi. Kwenye nyumba za wageni kifungua kinywa cha kawaida kina nyama ya nguruwe, soseji, na ile pudding nyeusi ambayo ndani yake mna damu. Asiyekula aseme jioni yake, ataletewa mayai, samaki au uji wa shayiri bila shida.

Inawafaa familia zenye umri mchanganyiko, zinazotaka kulala usiku tatu au nne mahali pamoja. Wanaochukia misafara ya mabasi ya watalii watachoka nayo kiangazi, hasa kwenye barabara ya Ring of Kerry yenye kilomita 179. Kwa wenye watoto wanaotapika garini, barabara hiyo naishauri iachwe. Si lazima kuizunguka ili useme umeiona Kerry.

Connemara, Galway

Connemara haina mji mkubwa wala maziwa matatu yenye majina ya kukariri. Ina mamia ya vijiziwa vilivyotapakaa kwenye ardhi ya chepechepe ya rangi ya kahawia, milima ya Twelve Bens imesimama katikati, na bahari inaingia na kutoka. Ardhi hiyo wenyeji huichimba vipande kama matofali, wakaianika, wakaiwasha kama kuni. Harufu ya moshi wake ukiinusa mara moja huisahau.

*Kufika.* Bila gari ni kazi. Treni au basi vitawafikisha Galway mjini, na kutoka hapo kuna basi hadi Clifden, kilomita 80 hivi. Vijijini zaidi ya hapo usafiri wa umma ni haba. Mnaweza kuchukua ziara ya siku moja ya basi kutoka Galway, mtaiona Connemara kwa dirisha. Kwa gari, kutoka Dublin hadi kijiji cha Letterfrack ni zaidi ya saa tatu na nusu, na kipande cha mwisho kina kona na kondoo waliolala barabarani.

*Miguu.* Hifadhi ya Taifa ya Connemara ilifunguliwa 1980, na mlima wake ni Diamond Hill, mita 442. Njia imepangwa kwa ngazi za uwezo. Ile ya chini ni kilomita 3, kokoto na mbao, mnaona bahari bila jasho jingi. Ile ya juu inaendelea hadi kileleni, jumla kilomita 7 hivi, saa mbili na nusu hadi tatu. Mwanangu wa miaka saba aliipanda yote. Kipande cha mwisho ni ngazi za mawe, upepo ni mkali, mkono ushikwe. Hapo kituoni kuna njia fupi ya msituni na uwanja wa michezo, kwa hiyo familia inaweza kugawanyika: wakubwa wapande, wadogo na bibi wabaki. Nje ya njia zilizowekwa alama msiende. Ireland haina haki ya kukatiza mashamba ya watu, na ardhi ya chepechepe humeza mguu hadi gotini.

Kwa magoti ya wazee kuna Derrigimlagh, karibu na Clifden, mzunguko tambarare wa kilomita 5 kwenye ardhi iliyobeba historia. Hapa Marconi, mmoja wa waanzilishi wa mawasiliano ya redio, alijenga kituo chake cha kutuma ujumbe kuvuka Atlantiki 1907, na hapa Alcock na Brown walitua 15 Juni 1919 baada ya kuwa wa kwanza kuvuka bahari hiyo kwa ndege bila kusimama.

*Maziwa.* Barabara ya bonde la Inagh inapita kando ya ziwa, milima kushoto na kulia, na hakuna lango wala tiketi. Mnasimamisha gari, mnatazama. Kylemore ndiyo inayojulikana zaidi: jumba lililojengwa kuanzia 1867 na Mitchell Henry kwa ajili ya mkewe Margaret, likiwa limejiegemeza kwenye maji. Margaret alifariki Misri 1874, na mumewe akajenga kanisa dogo la kumkumbuka. Masista Wabenedikto waliokimbia vita Ubelgiji walihamia hapo 1920. Boti ipo pia, lakini si ya ziwani: ni ya ghuba nyembamba ya Killary, yenye urefu wa kilomita 16, nayo ina chumba cha ndani chenye joto.

Ng'ambo ya Killary, upande wa Mayo, kuna Doo Lough. Mwaka 1849, wakati wa njaa kuu, watu waliodhoofika walitembea bonde lile hadi Delphi kuomba msaada, na baadhi yao wakafia njiani. Kuna msalaba wa jiwe kando ya barabara. Tulishuka garini, watoto wakasoma maandishi kwa sauti, na hatukuongea sana baadaye. Kama mna vijana wa kuanzia miaka kumi, wapelekeni.

Kitu kingine kilichonigusa Connemara ni lugha. Sehemu kubwa ya kusini ni eneo la wasemaji wa Kiairishi, na vibao vya majina ya miji vimeandikwa kwa lugha hiyo tu: Galway ni Gaillimh, Clifden ni An Clochán. Andikeni majina hayo kwenye karatasi kabla ya kuondoka. Binti yangu aliuliza kwa nini hawakuweka Kiingereza. Tulizungumza hilo hadi hotelini, na usiku ule aliomba dua kwa Kiswahili bila kukumbushwa.

*Siku ya mvua.* Hapa ndipo Connemara inapopungukiwa, na mvua yake ni nyingi kuliko ya Wicklow. Mna Kylemore, kituo cha hifadhi, na akwariamu ya Salthill iliyo mbali, Galway mjini. Zaidi ya hapo ni karata na vitabu ndani ya nyumba. Siku isiyo na upepo kiangazi huja na visubi, wadudu wadogo wanaouma jioni. Bebeni dawa ya kupaka.

*Mfuko na chakula.* Hifadhi ni bure, milima ni bure, Kylemore mnalipa. Kodisheni nyumba yenye jiko, mgawane na familia nyingine, itakuwa nafuu kuliko hoteli mbili Killarney. Maduka ni machache na hufunga mapema, nunueni vyakula Galway. Kwa Waislamu: Juni magharibi huingia saa nne usiku na kupita, pangeni mlo na usingizi wa watoto kwa kuzingatia hilo.

Inawafaa wenye gari, wenye vijana, wanaopenda kimya. Wenye mtoto wa kunyonya na siku mbili tu watachoka barabarani kabla hawajaona kitu.

Kwa hali yenu

Kama mna siku moja au mbili na mmefikia Dublin, nendeni Glendalough, hata kama mna gari.

Kama hamna gari na mna siku nne, pandeni treni hadi Killarney na mkodi baiskeli. Wenye mzee asiyeweza kutembea mbali waende huko huko: gari la farasi na boti vitamfikisha mahali ambapo miguu yake isingemfikisha. Wenye pesa kidogo na siku nyingi wakodi nyumba Connemara mwezi Mei. Wenye kijana anayetaka kupanda mlima wachague kwa umri: Diamond Hill kwa wa miaka saba na kuendelea, Torc kwa wa minane au tisa, Spinc kwa wa kumi na mbili.

Familia mbili zikisafiri pamoja, moja ina watoto wachanga na nyingine ina vijana, Killarney itawapunguzia ugomvi, kwani asubuhi mnaachana na jioni mnakutana mjini.

Wanaokuja Desemba, giza huingia saa kumi alasiri na kidogo, na boti nyingi zimesimama. Kwa msimu huo fanyeni Glendalough ya mchana mmoja, mkiwa na buti zisizopitisha maji na soksi za akiba kwa kila mtoto, na muwe mmesharudi kwenye gari au kituo cha basi saa tisa.